Leithi ya Harrison chini ya kompyuta: kisa cha karakana moja ya Vingunguti

Leithi (mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka) inayozungumziwa hapa ni Harrison M300, iliyoundwa Heckmondwike, Uingereza, ikaishia kwenye karakana ya kuchonga vipuri Vingunguti, Dar es Salaam. Mota yake ni ya kilowati 2.2 na gia zake zinatoa kasi kumi na mbili, kutoka mizunguko 40 hadi 2500 kwa dakika. Ni mashine imara, inayojulikana na karibu kila fundi aliyepita chuo cha ufundi cha wakati wake.

Iliyoilazimisha karakana kufikiria kompyuta ni kazi ya pawatila, yaani trekta ndogo za kusukuma kwa mkono. Tangu enzi za Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, pawatila zimeingia mashambani kwa wingi, na zikizeeka zinakula pini na bushi (silinda tupu ambamo pini hukaa) msimu hadi msimu. Mteja wa jumla alitaka pini za aina moja, mamia kwa mamia: shina la milimita 20, bega, na ncha yenye nyuzi za M16, hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 2. Pini moja haimsumbui mchongaji. Kinachomsumbua ni mrundo. Kufikia alasiri mkono umechoka, jicho limechoka, na shina lililokuwa 19.98 asubuhi linatoka 19.93. Bushi haisamehe tofauti hiyo.

Mwenye karakana alikuja na orodha ya mota na draiva, vifaa vya umeme vinavyoziendesha. Mchongaji mkuu akamwomba asubiri, wapime chuma kwanza. Kwa maoni yangu subira hiyo ndiyo iliyookoa mradi mzima, na nitaeleza kwa nini.

Leithi ya mkono tayari inapiga hesabu. Tangu Henry Maudslay alipounganisha skrubu ndefu, slaidi ya kisu na gia za kubadilisha katika mashine moja, London, kwenye miaka ya 1800 hivi, spindo (mhimili unaozungusha chuma kinachochongwa) ikizunguka mara moja kisu husogea umbali uliopangwa na meno ya gia. Hakuna kukisia. Ukipunguza kasi, kisu nacho kinapunguza. Spindo ikisimama, kisu kinasimama papo hapo, maana ni meno yaliyoshikana. Kuweka kompyuta ni kuukata muungano huo wa chuma na kuujenga upya kwa umeme. Karibu kila tatizo lililotokea katika kisa hiki lilizaliwa hapo, mahali ambapo gia zilikuwa zikifanya kazi fulani kimyakimya na hakuna aliyewahi kuiorodhesha.

Walianza na geji ya saa. Kwenye slaidi ya kukatiza, ile inayosogeza kisu kuingia na kutoka, mkono ulipozungushwa mbele kisha ukarudishwa nyuma, geji haikucheza mpaka mkono ulipopita milimita 0.35. Huo ni mchezo kati ya skrubu na nati, na kwa mashine yenye umri ule haushangazi. Mchongaji anaishi nao kila siku: daima anaingia upande mmoja, akipitiliza anarudi nyuma sana kisha anaingia tena. Spindo yenyewe ilikuwa nzima, beringi hazina mlio wala mtikisiko. Bedi, mwili wenye reli ambazo kisu husafiri juu yake, ndiyo iliyotoa habari mbaya. Baada ya kuisawazisha kwa pima maji ya usahihi na kurekebisha miguu, walichonga pete mbili kwenye chuma kimoja, moja karibu na chaki (kichwa chenye taya zinazobana chuma), nyingine sentimita 15 mbele yake. Zilitofautiana milimita 0.02 kwa kipenyo. Reli zilikuwa zimelika karibu na chaki, mahali ambapo kazi nyingi za miaka yote zimefanyika.

Hapo ndipo mazungumzo kuhusu kompyuta yanapotakiwa kuanza. Programu nyingi za kuongoza mashine zina sehemu ya kufidia mchezo: slaidi ikigeuza mwelekeo, mota inazunguka ziada ya 0.35 kwanza. Kwenye karatasi inatosha. Kwenye chuma, nguvu ya kukata inakisukuma kisu, na slaidi iliyolegea inaelea ndani ya ile 0.35 bila kompyuta kujua. Ukichonga shina lililonyooka, nguvu inasukuma upande mmoja muda wote na huenda usione kitu. Ukichonga mviringo au mteremko unaogeuza mwelekeo katikati, alama inabaki pale kisu kilipogeuka. Fidia ya programu inafaa kwa mabaki madogo, milimita 0.01 au 0.02. Mchezo wa 0.35 unaondolewa kwa kubadilisha chuma.

Basi skrubu zote mbili zikatolewa, zikaja skrubu za gololi, ambamo nati haisuguani na skrubu bali inateleza juu ya gololi zinazozunguka ndani yake. Kwa urefu wa bedi waliweka ya kipenyo cha milimita 25, hatua 5. Kwenye slaidi ya kukatiza nafasi ilibana. Nati ya gololi ni nene kuliko ya shaba iliyokuwepo, na kuchimba slaidi ili iingie kungeiondolea uimara. Wakachagua ya milimita 12, hatua 4, na hata hiyo ilidai kukwangua chuma kidogo chini ya slaidi. Daraja lake la usahihi ni C7, ile inayoundwa kwa kuviringisha: kosa lake linaweza kufika milimita 0.05 katika urefu wa 300. Kwa pini fupi hiyo haidhuru. Kwa mtu anayetaka kuchonga skrubu ndefu za mashine nyingine, ingekuwa kasoro kubwa.

Mota zilichaguliwa kwa hesabu ya mkono, na hesabu yenyewe ni fupi, kwa hiyo naiweka hapa. Chuma laini kinadai takriban niutoni 2000 kwa kila milimita ya mraba ya chenga inayokatwa. Kina cha milimita 2 na mwendo wa 0.25 kwa mzunguko ni nusu milimita ya mraba, yaani niutoni 1000. Kwa kasi ya kukata ya mita 100 kwa dakika hiyo ni karibu kilowati 1.7, ambayo mota ya 2.2 inaimudu. Nguvu inayopinga kisu kwenda kwa urefu ni ndogo kuliko hiyo, nusu au pungufu. Wakapanga kwa 2000 ili kuwe na akiba. Skrubu ya hatua 5 inahitaji karibu niutoni-mita 1.8 kusukuma niutoni 2000. Mkanda wa meno unaopunguza mwendo mara mbili unaleta 0.9 kwenye shafti ya mota. Mota ya hatua (inayozunguka kipande kidogo kwa kila pigo la umeme) ya niutoni-mita 4 inapoteza nguvu kadiri inavyokimbia, lakini kwa mizunguko 600, ambayo ni mwendo wa haraka wa milimita 1500 kwa dakika, bado inabaki na ya kutosha. Nimeona watu wakinunua mota ya 12 kwa leithi ya ukubwa huu, nzito na goigoi katika kuanza na kusimama, kwa sababu tu namba kubwa inatia moyo.

Mota zilizofungwa zina enkoda (kifaa kinachohesabu mzunguko) ndani yake, hivyo zikizidiwa, draiva inapiga kengele na kusimamisha kazi. Mota ya hatua isiyo na enkoda ikizidiwa inaruka hatua na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na pini zote zinazofuata zinatoka na kipenyo cha uongo. Kwa kazi ya mrundo sidhani kama kuna sababu ya kununua aina hiyo. Kwa mapigo 2000 kwa mzunguko wa mota, slaidi ya kukatiza inapata mapigo 1000 kwa milimita, kila pigo likibadilisha kipenyo kwa milimita 0.002.

Kuhusu ubongo wa mashine, walikataa vibao vya bei nafuu vinavyotumia Grbl, programu ya kuongoza mashine. Programu hiyo ni nzuri kwa mashine ndogo za kuchora mbao, lakini ilivyo haifuatilii spindo, na leithi isiyofuatilia spindo haikati nyuzi. Walichukua LinuxCNC, ya bure, ambayo mizizi yake ni kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ya miaka ya 1990. Kompyuta ni ya kawaida ya ofisini. Mapigo hayatoki kwenye kompyuta moja kwa moja. Yanatoka kwenye kadi ya nje ya Mesa iliyounganishwa kwa waya wa mtandao. Ilikuwa lazima, na sababu ni enkoda ya spindo. Enkoda hiyo ina mistari 1024, nayo inasomwa kama hesabu 4096 kwa mzunguko. Spindo ikikimbia 2000 kwa dakika, hizo ni hesabu zaidi ya 136,000 kwa sekunde, na bandari ya zamani ya printa inayotegemewa na wengi haiwezi kuzifuata.

Enkoda ya spindo ndiyo iliyochukua kazi ya gia za Maudslay, hivyo mahali pa kuifunga palijadiliwa kuliko kitu kingine chochote. Njia rahisi ilikuwa kuifunga kwenye shafti iliyokuwa ikiendesha gia za kubadilisha. Lakini kati ya spindo na shafti hiyo kuna gia, na gia zina nafasi kati ya meno. Enkoda ingesoma kutikisika kwa meno badala ya spindo. Wakachonga puli ya meno inayobana mkia wa spindo kwa nje, ili tundu la spindo libaki wazi kwa vyuma virefu, na puli ya pili yenye meno yaleyale kwenye enkoda. Moja kwa moja, mzunguko kwa mzunguko. Enkoda pia inatoa alama moja kila mzunguko, na alama hiyo lazima iangukie pembe ileile ya spindo daima. Puli zikitofautiana hata jino moja, alama inahama na nyuzi zinaharibika.

Ukataji wa nyuzi unakwenda hivi. Kisu kinasubiri mbali kidogo na chuma. Alama ya spindo ikipita, kompyuta inaanza kukiendesha, ikisoma spindo wakati wote. Spindo ikilemewa na kupungua kasi, kisu kinapungua kwa kiasi hichohicho. Mwisho wa nyuzi kinatoka kwenye mfereji ulioandaliwa, kinarudi, kinaingia ndani zaidi na kusubiri alama tena. Kwa hatua ya 2 kina cha jumla ni kama milimita 1.23 kwa upande, nacho kinagawanywa ili kila mpito uwe mwembamba kuliko uliotangulia, kwa kuwa kadiri kisu kinavyozama ndivyo chuma kinachoguswa kinavyoongezeka. Nati ya nusu mbili iliyokuwa ikifumba skrubu ndefu, na ile saa ndogo ya kumwambia fundi afumbe lini, zote zilitoka pamoja na eproni, kisanduku cha mikono kilicho mbele ya gari la kisu.

Kuna jambo ambalo gia hazikuwahi kulidai: nafasi ya kushika kasi. Gari la kisu ni zito. Kwa mizunguko 500 na hatua ya 2, linatakiwa kwenda milimita 1000 kwa dakika, karibu 16.7 kwa sekunde. Kama linaongeza mwendo kwa milimita 100 kwa sekunde kila sekunde, linahitaji karibu milimita 1.4 kabla ya kufikia mwendo huo, na bado linapaswa kujipanga sawa na pembe ya spindo. Karakana iliweka mwanzo umbali wa milimita 6 kutoka kwenye chuma, mara tatu ya hatua. Ukianzia karibu, nyuzi za kwanza zinakuwa na hatua ya uongo na nati inakataa kuingia, ingawa kwa macho pini ni safi kabisa.

Hata hivyo nyuzi za mwanzo ziliharibika. Baadhi ya pini zilitoka vizuri na nyingine zilikuwa na mikato miwili iliyopishana, bila mpangilio wa kueleweka. Wengi wangeilaumu programu. Fundi umeme alizima invata ya spindo, kifaa kinachorekebisha kasi ya mota yake, akazungusha chaki kwa mkono na kuhesabu alama: hazikukosekana. Akawasha invata, zikaanza kuonekana alama ambazo hazikuwepo. Invata inaendesha mota kwa kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa enkoda ulipita kwenye mfereji mmoja na waya wa mota. Waya wa enkoda ukatengwa, ukawekwa wenye ganda la kuzuia mwingiliano, ganda likafungwa kwenye athi (waya wa ardhini) upande mmoja tu. Enkoda nayo ikabadilishwa kwa ile inayotuma kila ishara kwa waya mbili zenye alama kinyume. Athi ya jengo ilipopimwa ilikutwa dhaifu, wakachimbia fimbo mpya. Nyuzi zikatulia.

Umeme wenyewe ndio uliofundisha jambo kubwa kuliko yote. Leithi ya gia umeme ukikatika katikati ya nyuzi, vyote vinapungua pamoja na kusimama pamoja. Fundi anavuta kisu nje na kusubiri. Leithi iliyogeuzwa ikikatikiwa, mota za kisu zinakufa papo hapo, lakini chaki ya milimita 200 bado ina nguvu ya mwendo. Ikizunguka hata mara tano zaidi, ni milimita 10 za safari ambazo kisu kilipaswa kwenda na hakikwenda. Kimekwama ndani ya chuma kinachozunguka. Ncha ya kaboidi inapasuka, na mara nyingine pini inang'oka kwenye taya. Katika mji ambao umeme unaweza kwenda wakati wowote, hili si jambo la pembeni.

Suluhisho lilitoka ndani ya muungano wenyewe. Kwa kuwa kisu kinafuata spindo kwa kusoma enkoda, hakuna haja ya kuilinda spindo. Inatosha kuvilinda vinavyofuata. Kompyuta, kadi, enkoda na draiva za mota mbili vikawekwa kwenye UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Mota kubwa ya kilowati 2.2 ikaachwa nje. Sasa umeme ukikatika, chaki inapungua yenyewe, enkoda inaendelea kusoma, na kisu kinapungua nayo hadi vinasimama pamoja, kama zamani. Fundi anakitoa kisu kwa slaidi ya kukatiza. Umeme ukirudi, kama pini haijatolewa kwenye chaki, anaanza mpito upya na kisu kinaangukia mfereji uleule, kwa sababu alama ya spindo haijahama. Sijaona sehemu ya kazi hii iliyonipendeza kuliko hiyo.

Kitufe chekundu cha dharura kilileta swali hilohilo kwa sura nyingine. Ukikata kila kitu kwa mpigo, unavunja kisu na kuacha chaki ikizunguka bila breki, ambayo kwa mtu aliyenaswa mkono ni hatari zaidi. Kiwango cha IEC 60204-1 kinaruhusu kusimamisha kwa utaratibu kwanza, kisha kukata umeme. Kitufe kikiguswa, invata inaifunga spindo breki kupitia rezista, na baada ya sekunde moja relei inaondoa umeme kwenye draiva. Njia hiyo haipiti kwenye kompyuta hata kidogo. Ni waya, relei na kontakta, kwa kuwa kompyuta iliyoganda haiwezi kuaminiwa na mkono wa mtu. Kinga ya chaki nayo ina swichi: ikiwa wazi, spindo haiwaki. Wachongaji waliizoea polepole.

Wapo waliosema mashine iliyogeuzwa ni ya kubahatisha, kwamba CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ni ile inayotoka kiwandani ikiwa CNC. Naheshimu hofu yao lakini historia haiwaungi mkono. Mashine iliyoonyeshwa MIT, chuo cha Marekani, mwezi Septemba 1952, ya kwanza kukata chuma kwa kufuata namba, ilikuwa Cincinnati Hydro-Tel, mashine ya kusagia chuma iliyokuwepo tayari na kufungwa mota na makabati ya vali za umeme. Wazo lilianza kwa John Parsons wa Traverse City, Michigan, aliyekuwa akiunda mapanga ya helikopta na kuhitaji umbo lilelile mara kwa mara. Haja yake na haja ya pini za pawatila ni ndugu.

Pini sasa zinatoka ndani ya milimita 0.02 asubuhi na jioni. Ile tofauti ya 0.02 iliyotokana na bedi haikuondoka, kompyuta haikunyoosha reli. Kwa pini hizi mpito wa mwisho umeandikwa na mteremko mdogo unaoifuta, na kwa kazi ndefu wanasogeza chuma mbele, mahali reli hazijalika. Mchongaji mkuu ndiye anayeandika programu. Kujifunza maandishi ya G, lugha ya amri za mashine hizi, hakukumchukua muda kama wengi walivyodhani, kwa kuwa mwendo, kina na mpangilio wa mipito vilikuwa kichwani mwake tayari. Kijana mwenye kompyuta asiyewahi kusikia kisu kikilia juu ya chuma alihitaji muda mrefu zaidi.

Kilichopotea ni urahisi wa kazi ya pini moja. Mikono ya eproni haipo, na skrubu ya gololi haijishikilii: ukiizungusha kwa mkono wakati wa kukata, chuma kinakurudisha. Mtu akija na shafti ya mashine ya kusaga iliyovunjika, kuiandikia programu kunachukua muda kuliko kuichonga. Karakana ingekuwa na leithi hiyo moja tu, ningeshauri wasiiguse. Walikuwa nayo ya pili, ndogo na ya zamani zaidi, na kazi za dharura zote zimehamia huko. Foleni yake sasa ni ndefu, na mwenye karakana anatafuta leithi ya tatu, ya mkono.